Injini Mpya Katika Gari la Mwenzako



Kuna swali ambalo limekuwa likizunguka hapa kambini kila habari za kurudi zinapotajwa, nalo ni swali la mashamba na nyumba tulizoziacha. Ni swali zito. Mtu akiligusa moja kwa moja, watu hukasirika kabla hawajafikiri. Kwa hiyo tumeona tulipitie kwa njia ya gari, kwa kuwa shamba la mtu lina machozi ndani yake, lakini gari ni chuma tu.

Fikirini pikapu kuukuu, au kamioneti kama wengine wetu tulivyozoea kuiita, tuseme Peugeot 404. Miaka mingi imebeba saruji na sukari kutoka Bandari ya Bujumbura, mizigo iliyopanda ziwa toka Mpulungu, Zambia. Mwenyewe aliirithi kwa baba yake. Anaipeleka kwa fundi na kumwambia, nitengenezee iwe kama ilivyokuwa, lakini iende kama magari ya siku hizi. Fundi anang'oa injini ya zamani ya kabureta, anaweka injini ya Kijapani ya dizeli. Breki za mbele anaweka za diski. Usukani uliokuwa unataka mabega ya mpagazi anauondoa, anafunga wa pawa ambao hata mama mjamzito anaweza kuuzungusha. Anaongeza mikanda ya usalama. Halafu ananyoosha bodi na kupiga rangi ile ile ya baba. Je, mtu huyu amerudishiwa gari lake, au amepewa gari jingine lililovaa nguo za lile la kwanza?

Serikali zina jibu fupi. Gari hutambulikana kwa namba ya chesisi. Ukibadilisha injini, unakwenda kuandikisha namba ya injini mpya, na gari linabaki lile lile. Jibu hilo linamtosha askari wa barabarani, lakini halitoshi kwa mtu anayefikiri. Wezi wa magari wanajua kukata kipande chenye namba na kukichomelea kwenye gari la wizi. Namba inakuwa halali na gari linakuwa la uongo. Basi utambulisho wa kitu hauko kwenye kipande kimoja tu, hata kama kipande hicho kimepigwa muhuri.

Tunao mfano mkubwa kuliko pikapu, nao ni meli ya Liemba. Kabla ya vita ya mwaka 1993 wazee wetu waliipandia Bujumbura, na wengine wetu imetubeba tukiwa wakimbizi. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa katika makasha yapatayo 5,000, ikaletwa Dar es Salaam kwa bahari na Kigoma kwa reli, na huko ikaunganishwa upya. Mwaka 1915 ilianza kazi ziwani ikiitwa Graf von Götzen, ikiwa na mizinga juu yake. Mwezi wa Julai 1916, Wajerumani walipoona Kigoma inawaponyoka, waliizamisha wenyewe karibu na mdomo wa mto Malagarasi. Lakini angalieni jinsi walivyoizamisha. Mafundi walizipaka injini grisi nene kwanza, wakaijaza meli mchanga, ndipo wakaishusha chini. Anayetaka kuharibu kitu hakipaki grisi.

Baada ya vita Wabelgiji waliiinua, ikazama tena. Waingereza wakaiinua mwaka 1924, na mitambo ile iliyopakwa grisi ikaonekana bado inafaa. Mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba, ambalo ni jina la kale la ziwa lenyewe. Miaka ya 1970 mvuke ukaondolewa, zikaingia injini za dizeli. Mwaka 1993 ikafanyiwa matengenezo makubwa kwa msaada wa Denmark, na mwaka 2023 Serikali ya Tanzania ikatia saini mkataba mwingine wa kuikarabati. Hesabuni basi. Mwenyewe si yule, jina si lile, injini si zile. Hata hivyo hatujasikia mtu wa mwambao akisema kwamba Liemba si ile meli ya Wajerumani.

Wengine watasema ni kwa sababu bodi lake la chuma ni lile lile, na hilo ni kweli kwa sehemu. Sisi tunaona kuna zaidi. Meli imebaki ile ile kwa sababu kila aliyeishika alijua ameipokea kutoka kwa nani, na hakuficha alichokitoa wala alichokiweka. Gari la mwizi lina namba lakini halina historia inayoweza kusemwa mbele ya watu. Liemba inayo, pamoja na aibu zake.

Na kuna kitu ambacho hakikurudishwa, tena kwa faida yetu sote. Mizinga ilikwisha kuondolewa kabla meli haijazamishwa, na walioifufua hawakuona haja ya kuifunga tena. Jina la Götzen nalo halikurudi. Huyo alikuwa gavana ambaye chini yake vita ya Maji Maji ilizimwa kwa risasi na kwa njaa. Fundi mwenye kushikilia uzamani kwa upofu angesema meli bila mizinga si kamili. Lakini mwaka 1997 meli hiyo ilikwenda Uvira na kurudi Kigoma safari 22 katika kazi ya kuwarudisha makwao wakimbizi wa Kongo. Mwaka 2015, ndugu zetu walipofurika Kagunga, kijiji kisicho na barabara, huku kipindupindu kikiwamaliza, ilichukua watu kama 600 kwa safari na kuwashusha Kigoma. Mahali palipokuwa na mizinga walikaa akina mama na magodoro. Hatudhani kuna mtu aliyelalamika kwamba meli imepoteza asili yake.

Sasa tugeuze mfano wetu, maana hapa ndipo penye maumivu. Tuseme mwenye pikapu hakuipeleka kwa fundi. Alikimbia usiku, akaiacha chini ya mwembe. Matairi yakaoza, kuku wakataga kwenye kiti cha dereva. Akaja mtu mwingine ambaye hakumfukuza mtu. Pengine aliuziwa, pengine aliambiwa na wakubwa kwamba mwenyewe hatarudi. Huyo akatafuta injini, akauza mbuzi wake kununua giaboksi, akafunga breki mpya, na kwa gari hilo akasomesha watoto. Baada ya miaka 20 au 40 mwenyewe anarudi na karatasi zake. Gari ni la nani?

Tumesikia majibu mawili ya haraka hapa kambini. La kwanza, gari ni langu lote, atoke. La pili, ambalo hatulisikii hapa lakini tunajua linasemwa huko, gari ni la aliyelifufua, kwa kuwa bila yeye lingekuwa chuma chakavu. Yote mawili yana upungufu. Wa kwanza anataka kuondoka na injini ambayo hakuinunua. Wa pili anasahau kwamba anayemlea mtoto aliyepotea hamfuti mama yake. (Hatumzungumzii hapa yule aliyemfukuza mwenye gari kwa panga ili apate funguo. Huyo hata akiweka injini ya dhahabu, hana cha kudai.)

Haya si mafumbo matupu. Walioondoka mwaka 1972 waliacha ardhi nzuri, hasa Rumonge, kwenye michikichi ya kando ya ziwa, na sehemu ya ardhi hiyo ikagawiwa watu wengine kwa mipango ya serikali. Sheria ya ardhi ya Burundi ya mwaka 1986 ilimpa haki mtu aliyekaa kwenye ardhi miaka 30, au 15 ikiwa aliingia kwa nia njema. Aliyekimbia 1972 na kuhesabu miaka 30 anaona mwenyewe ilipoishia. Mkataba wa Arusha wa mwaka 2000 ukaja na neno jingine: mkimbizi arudishiwe mali yake, na isipowezekana alipwe fidia. Mwaka 2006 ikaundwa Tume ya Taifa ya Ardhi na Mali Nyingine. Kuanzia 2008, zaidi ya watu 50,000 wa mwaka 1972 walirudi kutoka Tanzania, na tume hiyo ikakutana nao uso kwa uso. Mwanzoni ilihimiza anayerudi na anayekaa wagawane. Baadaye ikageuka, ikawa inamrudishia mwenye asili shamba zima. Safari ya kwanza waliolia ni waliorudi, safari ya pili ni waliokaa.

Sisi tunaona njia zote mbili zilikwepa kuangalia gari lenyewe. Kugawana nusu kwa nusu ni kusema chesisi na injini zina uzito sawa kila mara, bila kufungua boneti. Kurudisha lote bila malipo ni kusema injini iliota yenyewe kama uyoga. Chesisi ni ya mwenyewe, na hapo hatutikisiki, kwa sababu kukimbia si kuuza. Mtu aliyeacha mlango wazi kwa kuokoa watoto hakutia saini hati yoyote. Lakini injini ina jasho la mtu, na jasho hilo lazima lihesabiwe na lilipwe na mtu fulani, hasa na yule aliyegawa kitu kisichokuwa chake. Mara nyingi aliyegawa ni serikali, na serikali maskini hulipa polepole au hailipi. Tunalijua hilo. Hata hivyo deni halihamii kwa mkimbizi kwa sababu tu mdaiwa wa kweli hana fedha, wala halihamii kwa yule jirani mwenye mbuzi aliyeuza.

Kuna deni jingine ambalo ni letu sisi tunaongoja kurudi. Mwenye gari hana haki ya kudai pikapu iliyo kichwani mwake. Ile ya kichwani haina kutu, inawaka kwa mguso mmoja, na baba bado ameshika usukani. Katika kitabu cha Ezra, watu waliotoka uhamishoni walipoweka msingi wa hekalu jipya, wazee waliokuwa wameliona lile la kwanza walilia kwa sauti huku wengine wakipiga kelele za furaha, hata sauti hizo mbili hazikuweza kutenganishwa. Wazee wale hawakukemewa, na kazi haikusimama. Mji wa Bujumbura nao tuliouacha uliwahi kuitwa Usumbura, na siku hizi makao makuu ya siasa ni Gitega. Anayerudi akitafuta duka fulani pembeni ya bandari atakuta kitu kingine, na hatakuwa ameibiwa.

Tunawaza pia juu ya watoto waliozaliwa hapa. Wengi wanasema Kiswahili kuliko Kirundi au Kifuliiru, na wazazi wengine wanawaita magari ya kubandika. Neno hilo halitupendezi. Wakijua walipokelewa kutoka kwa nani, na sisi tusipowaficha kilichobadilishwa njiani, wao ni wa ukoo ule ule. Ila tuwe waangalifu na kile tunachowafungia juu. Wako wazazi ambao hawajui tena jina la kijito kilichopita chini ya shamba lao, lakini majina ya maadui wanayo yote kwa mpangilio. Hiyo ni mizinga. Ilikwisha kutolewa melini, na tunaibeba hapa kambini kwa mikono yetu.

Grisi ni nini basi, kwa mtu anayeishi chini ya turubai? Ni mambo madogo: mpaka ulipita wapi, nani alikuwa jirani upande wa juu, mti gani ulipandwa na babu, nani alishuhudia siku ya kununua. Mambo hayo yaandikwe sasa, wakati waliokuwa watu wazima wangali hai. Kule kwetu Burundi abashingantahe walikuwa wakiamua mipaka kwa ushahidi wa namna hiyo kabla hazijawapo ramani wala tume. Wenye daftari waandike, na wasiojua kuandika wamwite mjukuu. Na katika daftari hilo hilo, aliyekwisha kusikia nani amekaa kwenye shamba lake aandike pia alichosikia kimejengwa pale, hata kama mkono unakataa.