Msiyaamini Majibu Upesi

Wanangu mnaoshuka vijijini na vishikwambi kujaza madodoso, nawasihi: mtu akikujibu, usidhani umeshamjua. Mimi nimekuwa bwana shamba hadi nikastaafu. Mkulima ukimuuliza kama msimu ujao atatia mbolea, atakuitikia ndiyo, kwanza kwa uungwana, pili kwa sababu siku ile anaamini hivyo kweli.

Huko Busia, magharibi mwa Kenya, Esther Duflo, Michael Kremer na Jonathan Robinson walilipima jambo hili. Wakulima walioshiriki katika mashamba ya mfano waliulizwa kama wangetumia mbolea msimu uliofuata. Asilimia 97.7 wakasema wangetumia. Waliotumia kweli ni asilimia 36.8. Mwenye pupa angeandika kwamba wakulima wale ni waongo, au hawaijui faida ya mbolea. Faida walikuwa wameiona kwa macho yao.

Watafiti hawakuhubiri, walibadilisha siku tu. Mara baada ya mavuno, fedha zingalipo, walimfuata mkulima nyumbani wakamuuzia vocha ya mbolea kwa bei ile ile ya dukani, ila mzigo aletewe bure baadaye. Waliotumia mbolea wakaongezeka. Wengine walipopewa nafasi hiyo hiyo wakati wa kutia mbolea ulipokaribia, matokeo yakawa hafifu zaidi. Ilibidi bei ikatwe nusu wakati huo ndipo matokeo yalingane na yale ya siku za mavuno. Hebu lipimeni hilo: kuwahi kidogo kumefanya kazi ya punguzo la nusu bei! Kati ya mavuno na kupanda kuna karo, kuna msiba, kuna mgonjwa, kuna shemeji aliyekuja kukopa. Sijaona dodoso linaloulizia habari za shemeji.

Swali lenyewe nalo lina hila zake. Mwaka 1981 Amos Tversky na Daniel Kahneman waliwapa wanafunzi kisa cha ugonjwa unaotarajiwa kuua watu 600. Kundi moja liliambiwa kuna mpango utakaookoa watu 200 kwa hakika, na mwingine wa kubahatisha; asilimia 72 wakachagua ule wa hakika. Kundi la pili likaambiwa kwamba kwa mpango wa hakika watu 400 watakufa. Waliouchagua ni asilimia 22, na hesabu haikubadilika hata kidogo. Basi kabla hamjaandika kwamba wananchi wanapendelea hiki au kile, yasomeni tena maneno yenu mliyowauliza.

Tena msidhani elimu hii imefungiwa vyuoni. Wenye kamari na mikopo ya simu hawana haja na nia zenu njema. Wanachotaka kujua ni saa gani kidole chako kinabonyeza.

Kwa hiyo mkienda kijijini, nendeni mara mbili: wakati wa mavuno na wakati wa kupanda. Andikeni alichosema mtu, kisha mwombeni kwa adabu awaonyeshe alichonunua. Nanyi wenyewe posho ya kazi hii ikiingia, mnunulieni mama mbolea siku hiyo hiyo, msingoje masika.