Ukoko ni wa Nani?

Jumapili ya tarehe 2 Novemba 2025, jioni, runinga ya hoteli moja ya chai hapa Runyenjes ilikuwa ikionyesha marathoni ya New York. Mwenye hoteli alikuwa ameacha mpira wa Uingereza shingo upande, maana wateja walimshinda kwa wingi. Mbele walikuwa Benson Kipruto na Alexander Mutiso, wakifukuzana kuelekea utepe ambao Kipruto angeufikia kwa 2:08:09, wakiwa wamepishana kwa kifua tu. Nyuma kabisa, mahali ambapo hata kamera ilikuwa imepasahau, alikuwepo Eliud Kipchoge, siku tatu kabla ya kutimiza miaka 41.

"Mzee, si huyu angekaa tu Kaptagat afuge ng'ombe?" akauliza kijana wa bodaboda. "Pesa si anazo?"

Mzee aliyeulizwa ni mkulima wa kahawa. Alikoroga chai yake polepole kuliko ilivyohitaji sukari.

"Jungu kuu halikosi ukoko," akasema, akaachia hapo.

Shuleni tulifundishwa methali hii kwa mstari mmoja: mtu mzima hakosi hekima. Maana hiyo si mbaya, ila imekuwa nyepesi kwa kutumiwa ovyo. Siku hizi kila mzee asiyetaka kuondoka kitini huitoa mfukoni. Tuitazame upya. Jungu ni chungu kilichokuzwa, kile cha harusi na matanga, kinachopikia umati. Ukoko ni ule wali ulioganda chini, au ule ugali ulioshika sufuria, ambao watoto huukwangua wakigombana. Na methali yenyewe, ukiisikiliza vizuri, ina adabu ya kutotia chumvi: haikusema kwamba jungu kuu halikosi wali. Wali umeshapakuliwa, wageni wamekula na kunawa. Kinachoahidiwa ni kilichobaki.

Lakini kilichobaki hicho si taka. Ukoko ndio uliokaa karibu zaidi na moto. Punje za juu ziliiva kwa mvuke. Zile za chini zilikutana na chungu chenyewe. Ndiyo maana una ladha ambayo wali mweupe hauna. Kipchoge alikaa karibu na moto kwa zaidi ya miaka 20: alitwaa dhahabu ya dunia ya mita 5,000 jijini Paris mwaka 2003 akiwa na miaka 18, akawapita Hicham El Guerrouj na Kenenisa Bekele, akaja kuchukua dhahabu mbili za Olimpiki katika marathoni, na rekodi ya dunia mara mbili, ya mwisho ikiwa 2:01:09 kule Berlin mwaka 2022. Mtu kama huyo akimaliza wa sita London kwa 2:05:25, kama alivyofanya Aprili 2025, huo ni ukoko ambao vijana wengi wangeuita pilau.

Kosa letu watazamaji, basi, ni kuuma ukoko tukitarajia wali, halafu kulalamika kwamba ni mgumu.

Ila mwanariadha naye ana kosa lake, na hapa ndipo nisipokubaliana moja kwa moja na mzee wangu wa kahawa. Swali si kama ukoko upo. Swali ni nani anaandaliwa. Katika mbio za mji kama New York au Sydney, Kipchoge anakimbia kwa jina lake, na hakuna anayenyimwa sahani kwa sababu yake. Olimpiki ni karamu ya namna nyingine: kila nchi huruhusiwa wakimbiaji watatu tu katika marathoni. Tarehe 10 Agosti 2024, kwenye vilima vya Paris, Kipchoge alishikwa na maumivu ya mgongo, akaanza kutembea, na baada ya kilomita 30 hivi akaacha, akiwagawia mashabiki viatu na fulana. Sisemi asingeteuliwa. Nasema nafasi ile haikuwa yake peke yake.

Na mbio zilezile zilitoa mfano wa pili, ambao sisi Wakenya hatupendi kuutaja kwa kuwa ni wa jirani. Sisay Lemma wa Ethiopia aliumia kabla ya Michezo, akaachia nafasi yake. Aliyekuwa akiba, Tamirat Tola, akaingia, akashinda kwa rekodi ya Olimpiki ya 2:06:26. Siku hiyohiyo Bekele, mwenye miaka 42, alimaliza wa 39. Ethiopia iliandaa wali na ukoko kwenye sinia moja.

Mpishi wa pwani anajua jambo ambalo methali haikulisema. Wali ukikaribia kukauka, huondoa moto chini ya chungu, akaweka makaa juu ya kifuniko. Huko ndiko kupalia. Asiyepalia, ukoko wake hugeuka makaa, na makaa hayakwanguliwi. Mtazame bondia Muhammad Ali: alipompiga George Foreman mjini Kinshasa mwaka 1974, akiwa na miaka 32, wengi walikuwa wamekwisha kumzika. Alishinda kwa akili ya kuegemea kamba na kumwacha kijana achoke. Angeondoa moto hapo. Miaka sita baadaye, akiwa na miaka 38, alipigwa na Larry Holmes hadi kona yake ikasimamisha pambano baada ya raundi ya 10, na bado akarudi ulingoni mwaka uliofuata.

Mkimbiaji Edna Kiplagat yeye alijua kupalia. Alizaliwa 1979, na mwezi Aprili 2024 alikuwa wa tatu Boston, nyuma ya Hellen Obiri na Sharon Lokedi, akiwa na miaka 44. Nilipozitazama mbio zile sikuona mtu aliyemzuia mwingine njia.

Nilimrudishia mzee hoja hii ya Olimpiki. Akanijibu kwa mibuni yake. Shina likizeeka, alisema, matunda hukimbilia ncha za matawi, mchumaji akawa anavuta hadi kuvunja. Hapo unaacha machipukizi yakue chini, na shina la zamani bado linazaa. Shina hilo unalikata chipukizi likishakuwa na nguvu, si kabla.

"Na nani anashika msumeno?" nikamuuliza.

Alicheka, hakujibu. Kufikia hapo runinga ilikuwa imerudi kwenye mpira. Kijana wa bodaboda akachungulia simu yake.

"Wa 17," akasema. "2:14:36."

"Kwa hiyo alifika?"

"Alifika, mzee."

Mzee akamalizia chai, akamlipia na kijana ile yake.