Chipsi za Uhuru

Jumanne ya tarehe 11 Machi 2003, watu wa Bunge la Marekani waliposhuka kantini kula mchana walikuta chipsi zimebatizwa upya. Viazi vilevile, mafuta yaleyale. Ila Wamarekani huziita chipsi "za Kifaransa", na siku hiyo Ufaransa ulikuwa umefutwa kwenye orodha ya vyakula, mahali pake pakaandikwa "za uhuru". Mkate ule unaochovywa kwenye mayai kisha ukakaangwa, nao ukavuliwa Ufaransa wake siku hiyohiyo.

Sisi tuliozoea kuagiza chipsi mayai bila kuuliza kiazi kina pasipoti ya wapi, tulicheka. Kisa chenyewe, hata hivyo, kina mtu ndani yake, na mtu huyo hakuishia kwenye kicheko.

Aliitwa Walter Jones, mbunge wa North Carolina. Wazo alilipata kwa mwenye mgahawa mmoja wa mji wa Beaufort, jimboni mwake, ambaye naye alikuwa amekumbuka jinsi Wamarekani wa Vita Kuu ya Kwanza walivyoigeuza kabichi chachu ya Wajerumani kuwa "kabichi ya uhuru". Jones akalipeleka kwa mwenzake Bob Ney wa Ohio, aliyekuwa mwenyekiti wa kamati inayosimamia shughuli za Baraza la Wawakilishi, kantini zikiwemo. Kura haikupigwa. Agizo lilitosha.

Kosa la Wafaransa lilikuwa nini? Walikataa vita ambavyo Marekani ilikuwa ikivitaka. Tarehe 14 Februari, waziri wao wa mambo ya nje, Dominique de Villepin, alisimama mbele ya Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa akaomba wakaguzi waachiwe muda zaidi wa kutafuta silaha za maangamizi nchini Iraq kabla bunduki hazijalia. Alipigiwa makofi ukumbini, jambo ambalo humo si la kawaida.

Hoja hiyo ilistahili hoja. Badala yake likafunguliwa kabati la majina ya utani, na kabati hilo ni la zamani na limejaa. Waingereza wamewaita Wafaransa "vyura" tangu zamani, kwa kuwa jirani anakula mapaja ya chura. Kabla ya hapo wapo waliowaita hivyo Waholanzi, kwa ajili ya nchi yao ya majimaji. Mfaransa naye akajibu kwa kumwita Mwingereza "rosbif", yaani nyama ya ng'ombe ya kuoka. Kila mmoja alichungulia sahani ya mwenzake akapata jina. Mtu akitoroka shughuli bila kuaga, Mwingereza husema ameondoka Kifaransa, na Mfaransa husema ameondoka Kiingereza. Kondomu? Kwa Mwingereza iliitwa barua ya Kifaransa, kwa Mfaransa koti la Kiingereza. Hata kaswende Waingereza waliipa uraia wa Ufaransa, wakati Wafaransa wenyewe walidai wameitoa Napoli. Aibu ilivushwa mpaka usiku, ikaachwa mlangoni kwa jirani.

Lililovuma zaidi mwaka ule lilikuwa jipya: "tumbili wala jibini", mahodari wa kusalimu amri. Lilitoka kwenye katuni ya The Simpsons mwaka 1995, kinywani mwa Willie, mtunza viwanja Mskochi, ambaye shule iliyobanwa na fedha ilimtupa darasani afundishe Kifaransa. Aliyechekwa pale ni Willie, mwalimu asiyefaa. Lakini neno likaruka nje ya katuni, likapata waandishi wa magazeti walioliandika kana kwamba ni historia. Wafaransa waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza, zaidi ya milioni moja, hawakuwa na nafasi ndani yake. Wala meli za Ufaransa zilizofunga ghuba ya Chesapeake mwaka 1781, Waingereza wakasalimu amri Yorktown na Marekani ikapata huo uhuru uliokuja kuandikwa kwenye chipsi.

Kwetu utani tunaujua, na tunajua kwamba una deni. Mchaga na Mpare watachambana mchana kutwa, lakini mtani anayekuita bahili ndiye atakayefika msibani kwako, awachekeshe wafiwa kisha ashike chepeo. Kantini ya Washington ilichukua matusi ya utani ikaliacha deni. Jina lilitumika kama pamba ya masikioni: ukishamwita mtu chura, maneno yake yanakuwa kelele za bwawani, na nani hukatiza safari kwa ajili ya kelele za chura? Ubalozi wa Ufaransa ulijibu kwa upole kwamba wakati ni mzito na hawana nafasi ya kujadili majina ya viazi. Tena, wakakumbusha, chipsi asili yake ni Ubelgiji.

Siku tisa baada ya kubadilishwa jina, vita vikaanza.

Jimbo la Jones lina Camp Lejeune, kambi kubwa ya askari wa Marine. Mwezi Aprili alikwenda kwenye mazishi ya sajenti aliyeuawa Iraq. Marehemu aliacha watoto, wawili kati yao mapacha ambao hakuwahi kuwatia machoni. Jones, aliyekuwa amepiga kura ya kuruhusu vita, alikaa akamsikiliza mjane akisoma barua ya mwisho ya mumewe. Alirudi nyumbani akaanza kuziandikia barua familia za askari waliouawa. Nje ya mlango wa ofisi yake bungeni zikapangwa picha za wafu.

Mwaka 2004 wachunguzi wa Marekani yenyewe waliripoti kwamba akiba ya zile silaha za maangamizi haikuwepo. Mwaka 2005 Jones aliungana na wabunge waliotaka tarehe ya kuondoa majeshi, akasema anajutia ile habari ya chipsi, na baadhi ya watu wa chama chake wakamgeuzia kisogo. Mwaka 2006 kantini zilirudisha jina la zamani. Safari hii hapakuwa na waandishi wa habari waliokusanywa washuhudie. Ney alikwishaingia kwenye kashfa ya rushwa, iliyompeleka jela mwaka uliofuata.

Jones aliendelea kuandika. Barua zikapita 10,000. Alifariki Februari 2019, na magazeti yalipotangaza kifo chake, mengi yalimtambulisha kwanza kwa chipsi.