Deni Letu kwa Mwimbaji Aliyelala



Mwezi uliopita tulimzika mzee wetu, mpiga gitaa na msimulizi wa hadithi. Jina lake silitaji kwa sababu nyote mnamjua. Jioni, baada ya bukari, watoto walikimbilia mlangoni pake kusikia habari za Kalulu, yule sungura mjanja. Kila hadithi ilikuwa na wimbo wake, na sisi wakubwa tuliokuwa tukipita njiani tulijikuta tunaitikia.

Kwenye matanga kila mtu alisimama kumsifu. Mimi pia nilisimama. Lakini niliporudi nyumbani moyo wangu ulinishtaki. Mwaka jana mzee huyu aliniomba apige gitaa siku ya sikukuu ya mavuno. Nilimjibu kwamba mapigo yale ni ya baa, hayafai mbele ya waamini. Hakubishana. Alisema tu, "Sawa, mwanangu," akachukua gitaa lake akaenda. Hakuniomba tena. Basi najiuliza, na ninyi mjiulize pamoja nami: sifa za kaburini zinalipa deni gani?

Mapigo yale mzee aliyapata kwa Mwenda Jean Bosco, ambaye wazee wa Katanga wanamkumbuka vizuri. Mwenda alizaliwa mwaka 1930 huko Bunkeya. Mwaka 1952, mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimkuta Jadotville, mji ambao leo unaitwa Likasi, akarekodi nyimbo zake. Mojawapo ni "Masanga", iliyojulikana mpaka nchi za mbali. Mwenda alikaa pia Nairobi, na wapiga gitaa wengi wa Kenya wakajifunza kwake. Mwaka 1990 alifariki kwa ajali ya gari. Hata hivyo sauti yake tunayo mpaka leo.

Ya mzee wetu hatuna. Kwa nini? Sisemi walilingana kwa kipaji. Lakini wa kwanza alipata mtu aliyesimama kumsikiliza alipokuwa hai. Wa pili alipata watu kama mimi, wenye haraka, tuliosimama siku ya mazishi.

Mtu atasema: "Siku hizi kuna simu. Tungemrekodi, yangekwisha." Ni kweli, na ingefaa sana. Lakini simu haimjibu mtoto anayeuliza kwa nini Kalulu alidanganya. Haioni kwamba mtoto fulani leo amenyamaza, ikamchagulia hadithi ya kumchekesha. Mwingereza John Low, ambaye angeweza kusikiliza sahani za Mwenda kwao Uingereza, alifunga safari mpaka Shaba akajifunze kwa Mwenda mwenyewe, kisha akaandika kitabu kilichotoka mwaka 1982. Alijua kwamba vidole hufundishwa na vidole.

Mwingine atasema: "Zilikuwa nyimbo za dunia." Hilo nililisema mimi. Lakini tuangalie tulichofundishwa pale mlangoni: kwamba mwenye tamaa hunaswa na mtego wake, kwamba mgeni hapewi makombo, kwamba mdogo naye ana akili. Je, haya si mambo tunayoyahubiri? Sisemi kila wimbo uingie ibadani. Nasema nilimhukumu mtu kabla ya kumsikiliza, na hilo ni kosa hata kama wimbo wenyewe haufai.

Mkumbuke Daudi. Sauli na Yonathani walipokufa vitani, aliwatungia maombolezo. Hakuishia kulia. Aliagiza watu wa Yuda wafundishwe wimbo ule. Naona hapo jibu la swali langu. Machozi ni ya kwetu sisi tuliobaki, yanatupunguzia uchungu. Sifa humpendeza anayesifu. Kufundisha ndiko kunakomlipa marehemu, maana ndicho kitu alichokuwa akikifanya, na ndicho kilichokatika alipokufa.

Sisi tuliokimbia tuliacha nyumba, mashamba na makaburi ya wazazi. Hadithi hatukuziacha, kwa sababu zilisafiri ndani ya watu. Ila mtu akifa kabla hatujapokea, mzigo ule unashuka naye kaburini.

Kwa hiyo naomba hivi. Ukikumbuka hadithi moja ya mzee, hata nusu, waite watoto jioni uwasimulie, na usiache wimbo wake wa kuitikia. Ukisahau mwisho, muulize jirani. Gitaa lake liko kwa mjukuu wake, ambaye bado anatafuta nyuzi kwa shida. Mimi nimeanza kwenda kumsikiliza. Anakosea sana, nami nakaa mpaka amalize.

Na kama katika mtaa wako kuna mzee ambaye bado anasimulia, usingoje matanga. Nenda leo.

Mungu awabariki.