Uzia Alipowakasirikia Makuhani

Somo: 2 Mambo ya Nyakati 26

 

Tukihubiri juu ya kiburi huwa tunakimbilia Farao, ama Nebukadneza akila majani kama ng'ombe, ama Herode akiliwa na chango. Hao ni watu wa nje, na kuwasemea amina ni rahisi. Leo tumwangalie mtu wa ndani ya nyumba. Angekuwa hapa kwetu, angekuwa anaongoza maombi ya Jumatano. Anaitwa Uzia.

Baba yake aliuawa kwa njama, naye akapewa ufalme akiwa na miaka 16. Hebu fikiria mtoto wa sekondari akikabidhiwa nchi nzima! Na alifanya vizuri. Alimtafuta Mungu siku za Zekaria, na wakati wote alipomtafuta, mambo yake yalinyooka. Alibomoa kuta za Wafilisti kule Gathi, Yabne na Ashdodi. Alijenga minara Yerusalemu na jangwani. Alichimba mabirika ya maji kwa sababu ya mifugo yake mingi, tena Biblia inatuambia kwamba alipenda kilimo. Mfalme wa kupenda shamba! Sisi watu wa jembe tungempigia kura asubuhi na mapema. Jeshi lake lilikuwa watu 307,500, na mafundi wake walitengeneza mitambo ya kurusha mishale na mawe makubwa kutoka juu ya kuta. Alikaa kwenye kiti miaka 52.

Sasa angalia pale aya ya 15 inapoishia na ya 16 inapoanzia. Ya 15 inaeleza jinsi alivyosaidiwa mpaka akapata nguvu. Ya 16 inaanza na hizo nguvu, na msaada hautajwi tena. Hapo katikati, kati ya aya na aya, ndipo moyo wake ulipopanda juu.

Akaingia hekaluni na chetezo mkononi ili afukize uvumba, kazi ambayo Mungu aliwapa wana wa Haruni peke yao. Mtu atauliza, ubaya uko wapi? Si alikuwa anaabudu? Ndiyo. Kiburi cha mtu wa kanisa huwa kinavaa nguo za ibada. Uzia hakwenda kwa sanamu za Baali. Alichoka tu kuwa na mlango mmoja katika nchi yake ambao hakuruhusiwa kuupita.

Azaria kuhani akamfuata ndani pamoja na makuhani 80, watu mashujaa. (Katika 2 Wafalme 15 mfalme huyu anaitwa Azaria pia. Kwa hivyo waliotazamana pale ni Azaria na Azaria, mmoja na taji na mwingine na Neno.) Wakamwambia wazi kwamba kazi hiyo si yake, na kwamba atoke. Mko pamoja nami? Mungu angeweza kumpiga mlangoni. Alituma watu 80 kwanza. Sauti 80 za kumwambia rudi nyuma, mzee.

Soma aya ya 19 polepole. Ukoma haukutokea alipovuka kizingiti, wala aliposhika chetezo. Ulitokea alipowakasirikia makuhani. Kosa la kuingia lilikuwa bado lina njia ya kutoka, na njia hiyo alikuwa ameshaonyeshwa na watu waliohatarisha shingo zao. Hukumu ilimkuta akibishana na rehema.

Na ukoma ulitokea wapi? Kwenye paji la uso. Ukisoma Kutoka 28, paji la uso ndipo kuhani mkuu alipovaa bamba la dhahabu lililoandikwa utakatifu kwa Bwana. Uzia alitaka cheo cha pale, akapata alama pale pale. Makuhani wakamwondoa kwa haraka, na yeye mwenyewe sasa akakimbilia mlango ule aliokataa kuutumia.

Wapendwa, nilipoanza kuandaa somo hili nilitaka kuhubiri Nebukadneza. Nitawaambia kwa nini nilihama.

Mwezi uliopita, tulipomaliza kuezeka jengo hili, mweka hazina wetu alikuja ofisini na wazee wawili. Akasema kwa heshima zote, "Mchungaji, zile shilingi 64,000 za mfuko wa wajane zilinunua spika, na hazijarudi." Aliyeagiza ni mimi. Na badala ya kumjibu juu ya pesa, nilimuuliza, "Dada, unajua unaongea na nani?" Kisha nikamtupia ule mstari wa Zaburi 105 wa kutowagusa wapakwa mafuta wa Bwana. Aliinamisha kichwa akatoka. Wale wazee wakasoma sakafu.

Nimeusoma upya ule mstari, safari hii pamoja na ile ya juu yake. Pale Mungu anawakanya wafalme wasiwaguse Ibrahimu, Isaka na Yakobo, wageni wachache wanaotangatanga bila kwao. Mstari wa kumlinda mnyonge dhidi ya mkubwa, nami mkubwa niliutumia kumnyamazisha mnyonge. Nilipofika pale Uzia anapokasirika na chetezo mkononi, sitawaficha, mkono wangu ulienda wenyewe kwenye paji la uso.

Lakini Uzia hakuuawa. Wale watu 250 wa Kora waliteketea na vyetezo vyao. Yeye aliachwa hai, akaishi katika nyumba ya peke yake mpaka kufa, na mwanawe Yothamu akashika kazi. Huko hakuna minara wala mitambo, na nyumba ya Bwana anaiona kwa mbali. Hata kaburini watu walimkumbuka kwa neno moja tu: mkoma. Mwaka 1931 mtaalamu aitwaye Sukenik alitambua jiwe lililokuwa kwa watawa wa Kirusi kwenye Mlima wa Mizeituni. Ni la karne nyingi baada ya Uzia, na limeandikwa kwa Kiaramu kwamba mifupa ya mfalme huyo ililetwa pahali hapo, na kwamba pasifunguliwe.

Mwaka huo aliokufa, Isaya alimwona Bwana. Hekalu ni lile lile, moshi upo, madhabahu ipo. Isaya hakukimbilia madhabahu. Alilia kwamba midomo yake ni najisi, kilio kile ambacho Walawi 13 inamwagiza mwenye ukoma akitoe huku amefunika mdomo. Na moto ule ambao Uzia alikwenda kuuchezea kwa nguvu zake, Isaya aliletewa na serafi, umeshikwa kwa koleo, ukamgusa mdomo, akatakaswa.

Jumapili nilimwita mweka hazina mbele, nikamwomba msamaha mbele yenu wote. Alinisamehe, Mungu ambariki. Lakini pia alininong'oneza kwamba pesa bado hazijarudi, na ni kweli. Nimeanza na 20,000 kutoka mfukoni mwangu, zilizobaki nitazileta kabla ya mwisho wa Agosti. Kile kiti kikubwa cha madhabahuni nimeomba kitolewe. Kitabu cha hesabu kitakuwa juu ya meza baada ya ibada ya pili. Mwenye swali aulize, hata kama ni la kuniumiza. Nitakuwa nimekaa kwenye benchi ya pili, upande wa akina mama.