Merikebu za Zheng He katika Rangi za Mafuta

Kuwasili kwa msafara wa Zheng He, kamanda wa majini wa China, katika bandari ya ng'ambo ni tukio linalopendwa na wachoraji wa kisasa wa China wanaotumia rangi za mafuta. Mpangilio wa picha hizo haubadiliki sana. Merikebu zenye milingoti mingi zimeziba upeo wa macho, matanga yametuna, bendera zinapepea. Mbele amesimama kamanda mwenyewe, mrefu, kavaa joho la kifahari, na nuru yote imemwangukia yeye. Wenyeji wapo pembeni au chini yake, wameduwaa. Ustadi wa kazi hizi ni mkubwa, na hapo ndipo hatari ilipo: mtazamaji huondoka akiamini ameona karne ya 15, kumbe alichokiona ni fikra za watu waliozaliwa miaka mia tano baadaye.

Zheng He alizaliwa mwaka 1371 huko Kunyang, jimbo la Yunnan, katika familia ya Kiislamu. Jeshi la nasaba ya Ming, iliyotawala China, lilimteka angali mtoto, akahasiwa, akakulia katika utumishi wa mwanamfalme ambaye baadaye alitawala kwa jina la Yongle. Kati ya 1405 na 1433 aliongoza safari saba za baharini, na ya kwanza peke yake ilichukua watu zaidi ya 27,000. Pwani ya Afrika Mashariki ilifikiwa katika safari ya tano, ya 1417 hadi 1419. Hakuna picha yake iliyochorwa akiwa hai inayojulikana leo. Kilichobaki ni maandishi: nguzo za mawe, kumbukumbu za ufalme, na vitabu vya watu waliosafiri na msafara, kama Ma Huan na Fei Xin.

Hata aina ya rangi ni ngeni kwa wakati huo. Wachoraji wa Ming walitumia wino na rangi za maji juu ya hariri na karatasi. Rangi za mafuta zilipelekwa China na wamisionari wa Ulaya. Giuseppe Castiglione, aliyefika mwaka 1715, ndiye maarufu zaidi kati ya wale waliochora katika kasri la Beijing. Baadaye vijana wa Kichina, Xu Beihong akiwemo, walikwenda Paris kujifunza. Kati ya 1955 na 1957 Mrusi Konstantin Maksimov alifundisha Beijing, na mtindo wa Kisovieti ukashika mizizi: kiongozi katikati, umati umemzunguka, anga limetakata. Kwa hiyo Zheng He wa turubai amevaa nguo za Ming, lakini amesimama kwa namna ya mashujaa wa Moscow.

Jambo zito zaidi ni nani alimtembelea nani kwanza. Mwaka 1414 twiga alifikishwa China kutoka Bengal, na Shen Du, mwandishi hodari wa kasri, akamtungia sifa, kwa kuwa Wachina walimfananisha na qilin, mnyama wa heri katika imani zao. Mwaka uliofuata alikuja twiga mwingine, aliyetolewa na nchi ambayo kumbukumbu zinaiita Malin, na wanahistoria wengi wanaitambua kuwa ni Malindi. Merikebu za Zheng He zilikuwa bado hazijatia nanga katika pwani ya Afrika Mashariki. Safari ya 1417 ilikuwa, pamoja na mengine, ya kuwarudisha kwao wajumbe waliokuwa wamekwenda China. Yaani watu wa pwani walikuwa wamekwisha kusimama mbele ya mfalme wa China kabla kamanda wake hajaikanyaga ardhi yao. Picha inayowaonyesha wameduwaa ufukweni, kana kwamba ndiyo mara yao ya kwanza kusikia habari za China, imeigeuza historia juu chini.

Mapokezi nayo yalikuwa na utaratibu wake, na mwenye utaratibu huo alikuwa mwenyeji. Msafiri Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 aliona vijana wakiifuata merikebu kwa mashua ndogo, kila mmoja amebeba sinia la chakula lililofunikwa. Kijana humkabidhi mfanyabiashara mmoja chakula hicho, akatangaza kwamba huyu ni mgeni wake, na tangu hapo mgeni hufikia kwa mwenyeji huyo, naye ndiye anayemsimamia biashara. Sultani alitembea chini ya miavuli ya hariri, ngoma na baragumu zikimtangulia. Fei Xin, katika kitabu chake cha 1436, anaeleza nyumba za mawe za Mogadishu zenye ghorofa nne au tano. Na Wareno walipofika Malindi mwaka 1498 walimkuta mfalme aliyevaa joho la thamani, na pembe mbili za ndovu zilizonakshiwa, ndefu kimo cha mtu, zikipulizwa kwa heshima yake. Kwa kuwa habari hizi zimeandikwa, kuchora ufukwe mtupu wenye vibanda na watu nusu uchi ni uzembe.

Yupo atakayesema kwamba sanaa si hati ya mahakama, na kwamba mchoraji ana haki ya kubuni. Haki hiyo anayo. Lakini picha ya kihistoria huomba kuaminiwa, na wenye mamlaka wanaujua uzito wake. Mchoraji Dong Xiwen alipochora sherehe ya kuasisiwa kwa Jamhuri ya Watu wa China, kazi ya mwaka 1953, kiongozi Gao Gang alikuwemo. Alipoanguka kisiasa, akafutwa. Baadaye kiongozi mwingine, Liu Shaoqi, naye akaondolewa. Kama picha isingekuwa na nguvu ya ushahidi, nani angehangaika kumfuta mtu? Vivyo hivyo, kinachoachwa nje ya turubai za Zheng He kina maana. Vita alivyopigana Palembang mwaka 1407, ambamo maelfu waliuawa, havionekani. Wala kutekwa kwa mtawala wa Ceylon (Sri Lanka ya leo) mwaka 1411. Hubaki salamu na zawadi tu, na tangu China iadhimishe miaka 600 ya safari hizo mwaka 2005, salamu hizo zimekuwa lugha ya diplomasia pia.

Ushahidi usiopendelea upande upo ardhini. Mwaka 2013 watafiti walichimbua katika kisiwa cha Manda sarafu ya zama za Yongle, na kauri za China zimezagaa katika magofu ya pwani, nyingine zikiwa zimepachikwa katika nguzo za makaburi kama lile la Mambrui. Vitu hivi vinasimulia biashara ya pande mbili, iliyoanza karne nyingi kabla ya Zheng He.

Wachapishaji wa vitabu vya shule na wasimamizi wa makumbusho wanaotumia picha hizi waandike chini yake jina la mchoraji na mwaka aliochora, na pembeni waweke picha ya sarafu ya Manda au kaburi la Mambrui.