Umefika Wapi?

Rafiki yangu hana haja na fantasia. Anasema ni wazungu wenye panga wakigombania kiti, na mtu mweusi akitokea basi ni mtumwa au ni shetani. Nimempa A Wizard of Earthsea ya Ursula K. Le Guin, kitabu cha kwanza cha mfululizo ninaoupenda kuliko yote, na kabla hajakifungua nilikuwa nishaanza kujiuliza: nimwambie au nisimwambie?

Ninayo hoja moja ya kummaliza. Ged, mchawi mwenyewe, si mzungu. Ngozi yake ni ya kahawia, rafiki yake Vetch ni mweusi kumliko, na wale weupe wenye nywele za manjano ni wavamizi wanaokuja kuchoma vijiji. Hayo aliyaandika Mmarekani mweupe, mwaka 1968. Ningemwambia hivyo tu, ubishi ungeisha hapo hapo.

Shida ni kwamba Le Guin hakutaka tuambiwe mapema. Miaka mingi baadaye alieleza kuwa habari ya rangi aliitoa kidogo kidogo, kwa makusudi, ili kijana mzungu anayesoma awe ameshazoea kuishi ndani ya Ged ndipo agundue amevaa ngozi ya nani. Rangi ile ni mtego. Ndiyo maana mwaka 2004, runinga ya Marekani ilipogeuza hadithi hiyo kuwa filamu na kumpa Ged sura ya kizungu, alilalamika hadharani.

(Ninyi nimewaambia kwa sababu suala hili halijadiliki bila kulitaja. Mwisho wa kitabu siusemi, msiniulize.)

Sasa, mtego ulitegewa mzungu. Rafiki yangu ni mtu wa Kayole. Kuna faida gani kumwacha anaswe? Nililifikiria hili sana, na nadhani faida ipo, tena kubwa zaidi. Yeye pia atamchora Ged mweupe. Hakuna atakayemwambia afanye hivyo. Filamu na majalada ya vitabu yameshamzoeza. Halafu katikati ya ukurasa fulani atashtuka kuona kwamba rangi ile aliipaka mwenyewe. Nikimwambia mapema, atakipenda kitabu, sawa, lakini ile nafasi ya kujikamata mwenyewe nitakuwa nimemnyima. Kwa hiyo nikamwambia tu: soma hadi afike shule ya wachawi, ukichoka nirudishie.

Kuna watu wataniambia ninakuza mambo. Pwani nzima inajua Fumo Liyongo alikufaje, sindano ya shaba, kitovuni, mkononi mwa mwanawe, na bado watu hukaa kumsikiliza anayesimulia. Halafu mwaka 2011 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, waliwapa watu hadithi fupi huku wengine wakiambiwa mwisho mapema, na walioambiwa hawakuonekana kupungukiwa na raha. Kwa wastani waliongezewa kidogo. Sina ugomvi na hayo. Kama ningekuwa nalinda matukio tu, nani anakufa, nani anashinda, ningekubali nimezidisha. Ninacholinda ni makosa yake, ule wakati anapokisia vibaya na hakuna mtu nyuma yake anayejua jibu na kutabasamu.

Na kutabasamu nako ni spoila. Watu hudhani spoila ni sentensi. Ukimwandikia mtu "ngoja ufike sura ya tisa," umeshamwambia kwamba sura ya nane isimtishe. Hata "umefika wapi?" ina harufu. Ukiuliza mara ya tatu kwa siku moja, atajua kuna kitu mbele, na ataanza kusoma akikitafuta hicho badala ya kusoma.

Alipoanza kitabu cha pili, The Tombs of Atuan, alinitumia ujumbe usiku: "Kwani huyu msichana ni nani? Ged ameenda wapi? Aki niambie tu, anarudi?" Jaribu kulijibu hilo. "Endelea kusoma" ni ndiyo iliyovaa kofia. "Sijui" ni uongo, tena uongo wa kijinga, kwa sababu kitabu ni changu. Nikamuuliza, "Huyo msichana unamwonaje?" Akaandika aya tatu. Anamwonea huruma, anamwogopa, hamwelewi. Swali la Ged hakulirudia. Nilimkwepa, ndiyo, lakini sikumdanganya, na kwangu tofauti hiyo ni muhimu.

Kisichonipa raha sana ni sababu zangu mwenyewe. Simu yake ikilia saa sita usiku nafurahi kupita kiasi. Mimi siwezi tena kuvisoma vitabu hivi kwa mara ya kwanza, basi nimeazima mara ya kwanza yake. Ninapomuuliza amefika wapi, mara nyingi siulizi kwa ajili yake.

Hapo ndipo linapokuja suala la kitabu cha nne. Vitatu vya kwanza nilivipata kwa vitabu vya inama, vile vya kupangwa chini barabarani, na nikampa vyote pamoja. Cha tatu kilitoka mwaka 1972. Cha nne, Tehanu, kikaja mwaka 1990. Waliosoma cha tatu kilipotoka walikaa miaka 18 wakidhani wameshaona mwisho, na mwisho ule unahitaji mtu aamini hivyo walau kwa wiki moja. Kwa hiyo Tehanu iko kwenye kabati langu, nyuma ya sweta. Hapo sina hakika kama bado ninamtunzia rafiki yangu kitu au nimeanza kujifanya Le Guin. Kuficha maneno ni jambo moja. Kuficha kitabu kizima cha mtu anayekihitaji ni lingine.

Akiniuliza kama kuna cha nne, nitasema kipo na nitampa siku hiyo hiyo. Amebakisha kurasa kama thelathini. Bado hajauliza.